Kuinua Chombo Bila Kukiumiza

Katamarani ndogo ikipinduka haizami. Inalala ubavu: mtumbwi mmoja majini, wa pili juu hewani, turubai la kukalia limesimama wima katikati yao, mlingoti umelala juu ya maji na tanga limejitandaza kando yake. Mabaharia wake wawili wanaelea na majaketi yao, wanatema maji ya chumvi, wanacheka au wanalaumiana. Chombo ni kizima. Ukikikagua wakati huo hutakuta ufa. Mara nyingi madhara huja baadaye, na huletwa na wenye nia njema: mabaharia wenyewe, jamaa wa boti ya mashine aliyekuja mbio kusaidia, na vijana wanne walioogelea kutoka ufukweni wakidhani kazi ni kuvuta tu.

Kwa hiyo mtu anayejua kukisimamisha chombo cha namna hiyo, kikarudi ufukweni bila jeraha, anastahili kutazamwa kwa makini kuliko anavyotazamwa. Watu hupenda kumsifu anayekwenda kasi, mtumbwi mmoja umenyanyuka juu ya maji, mwili wake ukining'inia nje kwa waya. Mimi namsifu huyu mwingine. Kazi yake ni ya dakika kumi hivi, haina watazamaji, na akiifanya vizuri hakuna kitakachoonekana kuwa kimetokea.

Nachukua mfano wa Hobie 16, maana ndiyo katamarani ya ufukweni iliyoenea kuliko karibu zote. Zaidi ya 100,000 zimeundwa. Katika pwani yetu utaziona zimepandishwa mchangani mbele ya hoteli za watalii, matanga yake ya rangi rangi yakipigwa na kusi. Mbunifu wake ni Hobie Alter wa California, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki 2014, mtu ambaye jina lake lilikuwa limeshajulikana kwa kutengeneza mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Chombo kina urefu wa mita 5.04 na upana wa mita 2.41, uzito wake ni kilo 145 hivi, na mlingoti wake unakaribia mita 8. Hakina mkuku wala ubao wa kuteremshwa chini ya maji. Mitumbwi yenyewe ndiyo inayozuia chombo kisisukumwe kando: kila mmoja una uso wa nje ulio bapa na uso wa ndani uliovimba, na tumbo lake limepinda kama ndizi ili kiweze kupanda mchangani bila kukwama.

Lakini kinachomhusu mwokozi ni ukuta wa mtumbwi huo. Si kipande kimoja. Ni ngozi mbili nyembamba za faiba, na katikati yake povu gumu, jepesi, lililogandishwa. Alter alikuwa na uzoefu wa povu kabla ya kuingia katika matanga: katika miaka ya 1950 yeye na Gordon Clark walihangaika na povu la poliyurethini hadi likachukua nafasi ya mti wa balsa katika mbao za mawimbi. Ngozi mbili zikishikamana na povu hupata ugumu wa ajabu kwa uzito mdogo. Uzito ukitandazwa juu ya ukuta huo, unastahimili. Uzito ukikusanywa mahali padogo, kisigino au goti au ncha ya chuma, ngozi ya juu inabonyea, inaachana na povu, kisha inarudi mahali pake kana kwamba hapakuwa na neno. Hutaona alama. Siku nyingine baharia atakanyaga hapo na kuhisi pamelegea, naye hatakumbuka ni lini wala ni nani.

Ngalawa haina unafiki huo. Gogo la mwembe likigonga mwamba hupasuka mahali pa kuonekana, na mvuvi analijua jeraha lake kabla hajafika nchi kavu. Faiba huficha. Nadhani ndiyo sababu mafundi wazuri wa vyombo hivi huwa watu wa kushuku kidogo. Wamezoea kutoamini macho.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza hakuna kupanda. Mabaharia wote wawili wanashika chombo, kila mmoja anahakikisha mwenzake yupo na hakunaswa na kamba, na hapana anayekiachia, kwa kuwa turubai lililosimama wima linakamata upepo na chombo kitakwenda mbali kuliko mtu anavyoweza kuogelea. Kisha zinafunguliwa demani, yaani kamba za kuongozea matanga, ya tanga kubwa na ya lile dogo la mbele, hadi zitoke kabisa kwenye vibanio. Mtu mwenye haraka huruka hatua hii. Atavuta kwa nguvu zake zote akidhani chombo ni kizito, kumbe tanga limebanwa na linakataa kumwaga maji. Na likija likiwa limebanwa hivyo hivyo, litakamata upepo papo hapo na kukilaza chombo upande wa pili.

Kupanda juu ya mtumbwi wa chini nako kuna adabu zake. Mabaharia wa katamarani huvaa mkanda wa kuning'inia, na mbele ya mkanda huo, usawa wa kitovu, kuna ndoana ya chuma. Ukijikokota kwa tumbo ili upande, ndoana inapita juu ya faiba kwa uzito wako wote. Nimeona mitumbwi yenye mikwaruzo mirefu upande wa ndani, yote katika usawa mmoja, na kila mkwaruzo ni mtu aliyepanda kwa tumbo. Anayejua hujigeuza ubavu, anatanguliza nyonga, anakaa kwanza, ndipo anasimama. Anasimama kwa nyayo bapa. Kama ana viatu, amevisuuza mchanga kabla, kwa maana mchanga chini ya soli ni msasa. Na anachagua mahali: karibu na ile nguzo fupi inayounganisha mtumbwi na boriti ya mbele, ambapo ukuta umeongezewa nguvu. Bahati nzuri ni kwamba chombo kikilala ubavu, uso unaotazama juu ni ule wa ndani uliovimba, na uso uliovimba ni mgumu kuliko ulio bapa.

Kisha chombo kinageuzwa kielekee upepo, na hapa ndipo ninapopenda kutazama zaidi, kwa sababu hakuna anayevuta kitu. Baharia mmoja anatembea polepole juu ya mtumbwi wa chini kuelekea omo, akifuata mstari wa tumbo ambao ni pembe na una nguvu, akiepuka kukanyaga karibu na sitaha ya mbele, ambayo katika Hobie za zamani hujulikana kwa kulegea. Uzito wake unaizamisha omo kidogo. Omo iliyozama inashika maji. Tezi iliyobaki nyepesi inasukumwa na upepo. Chombo chote kinazunguka chenyewe, bila haraka, mpaka omo inautazama upepo. Kama mlingoti ulikuwa umelala upande upepo unakokwenda, ambavyo ndivyo huwa baada ya kupinduka kwa kawaida, sasa umeletwa mahali ambapo upepo unaweza kuingia chini ya tanga badala ya kulikandamiza.

Mtu anaweza kuuliza haya yanahusiana vipi na usalama wa mtumbwi. Yanahusiana sana. Ukijaribu kuinua huku upepo unasukuma turubai, unapigana na eneo kubwa la kitambaa. Hutashinda kwa kuegemea. Utaanza kuruka, kutikisa, kupiga visigino. Halafu chombo kitanyanyuka kidogo na kuanguka tena, mara ya pili na ya tatu, na kila mara kuna miguu inayohangaika juu ya ngozi nyembamba ya faiba. Kugeuza omo kunachukua dakika mbili, nako huondoa karibu sababu zote za kutumia nguvu.

Kamba ya kuinulia hufungwa kwenye shina la mlingoti au kwenye boriti ya mbele, hurushwa juu ya mtumbwi ulio hewani, ikashuka upande wa chini ya turubai walikosimama mabaharia. Inafaa iwe nene na yenye mafundo, kwa ajili ya viganja na kwa ajili ya mtumbwi pia, kwani kamba nyembamba iliyokazwa hukata jelikoti, lile tabaka laini la nje la faiba, kwenye ukingo inapopitia. Wawili hao wanaishika, wanaweka nyayo pamoja, wananyoosha miguu na kulala nyuma, migongo ikiyakaribia maji. Hawavuti kwa mikono. Wananing'inia tu.

Na kwa muda fulani hakuna kinachotokea. Niliwahi kumsikia kijana mmoja, anayejifunza, akipaza sauti kwa mwalimu wake wakiwa katika hali hiyo: "Kaka, haiji! Tuhesabu tatu tuvute kwa pamoja!" Mwalimu hakubadili hata mkao wake. "Inakuja, mdogo wangu. Lala tu. Usiruke. Liache tanga limwage."

Maji ndiyo mzigo wenyewe. Matanga mawili ya Hobie 16 yana eneo la mita za mraba zipatazo 20. Mita moja ya mraba ikibeba maji ya kina cha sentimita moja tu, hizo ni kilo 10. Piga hesabu mwenyewe uone kilichokaa juu ya kitambaa kile kabla hakijanyanyuka. Hakuna mkono wa mtu utakaoyanyanyua maji hayo kwa mpigo, wala hakuna haja. Mlingoti ukipanda kiasi cha kiganja, maji yanaanza kutiririka kuelekea ukingo. Yakipungua, mlingoti unapanda kiganja kingine, na tanga likishaachana na uso wa bahari upepo nao unaingia chini yake na kusaidia. Anayengoja anasaidiwa na kila kitu. Kwa kawaida watu wawili wenye uzito wa pamoja wa kilo 130 au 140 wanatosha. Mtu mmoja mwepesi huchukua mfuko mkubwa wa turubai, akaujaza maji ya bahari na kuutundika kwenye kamba mgongoni pake. Ukiwa majini hauna uzito, ukitolewa nje una uzito wa mtu wa ziada.

Kisha mambo yanageuka ghafla. Mlingoti ukishapita nusu ya njia, uzito wa mtumbwi wa juu na turubai unaanza kuvuta upande wa mabaharia, na kile kilichokuwa kikisitasita kinakuja kwa kishindo. Mtumbwi wa juu unaanguka kutoka zaidi ya mita mbili. Asiyejua huogopa, akaachia kamba na kuogelea kinyumenyume ili akimbie. Hapo ndipo atakapoukuta. Mtumbwi utatua mita 2.4 kutoka aliposimama, yaani pale pale anapokimbilia, na kichwa cha mtu na ukuta wa faiba vikikutana huumia vyote viwili. Anayejua anafanya kinyume. Anapiga magoti, anajisogeza karibu, anashika ile fito ya chuma iliyo chini ya boriti ya mbele, na turubai linashuka juu yake wakati mtumbwi unapiga maji mbali naye. Uzito wake ukiwa umening'inia kwenye fito unapunguza kasi ya chombo na kukizuia kisiendelee na safari hadi upande wa pili. Kishindo cha mtumbwi kutua majini chenyewe hakina shaka. Umeundwa kupigwa na maji. Shaka ni kama kuna kitu kingine hapo unapotua.

Na katika pwani yetu mara nyingi kipo. Kati ya ufukwe na mwamba wa nje kuna maji ya kina kifupi, na wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kiasi kwamba mahali palipokuwa pa kuogelea asubuhi pana matumbawe yanayochungulia mchana. Mlingoti wa mita 8 hauna nafasi humo. Chombo kikizidi kulala, ncha yake inachoma mchanga, na hapo kuvuta kwa nguvu ni kuupinda mlingoti au kuving'oa vishikizo vya waya za mlingoti kutoka kwenye mtumbwi. Ncha iliyochomeka hutolewa kwa njia ile ile iliyoingilia: chombo kinazungushwa polepole, watu wakisukuma omo huku au kule, hadi mlingoti unachomoka wenyewe. Ikiwa chini ni matumbawe, busara ni kukisogeza kwanza kikiwa kimelala hivyo hivyo, kikaelea hadi kwenye maji ya kina, hata kama ni mwendo wa nusu saa na wageni wa hoteli wanatazama. Ufundi mwingi wa kazi hii ni kuvumilia kuonekana mzembe.

Kuhusu boti ya mashine nina maneno makali kidogo. Huja ikiwa na nguvu za farasi nyingi kuliko tatizo linavyohitaji, na nahodha wake anataka kumaliza. Anatupa kamba, anafunga popote palipo karibu, anaongeza mafuta. Popote palipo karibu mara nyingi huwa ni kifundo kidogo cha waya wa mlingoti, kilichotengenezwa kuvutwa upande mmoja tu, naye anakivuta upande wa pili. Au boti yenyewe inasogea hadi ubavuni, ikasimama hapo hapo ambapo mtumbwi wa juu utaangukia, na ukuta wa povu unakutana na ukingo wa boti ya mbao. Nahodha anayejua anaikaribia katamarani kutoka kwenye ncha ya mlingoti, mbali na mitumbwi na mbali na kamba zinazoweza kuzingira panga za mashine. Mtu wake mmoja anainua ncha ya mlingoti kwa mikono, taratibu, tanga likimwaga maji, kisha anasogeza mikono kufuata mlingoti kuelekea chomboni kadiri unavyopanda, na boti ikisogea naye kwa mwendo wa chini kabisa. Mashine hapo inafanya kazi ya kusimama tu. Ikibidi kuvuta kwa kamba, kamba inafungwa kwenye boriti, inapitishwa juu ya mtumbwi wa juu, na inavutwa kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Kuna hali moja mbaya zaidi, chombo kinapogeuka kifudifudi kabisa, mlingoti ukielekea chini kama hakuna cha kuuzuia. Mlingoti mzuri umezibwa usiingize maji, na baadhi ya watu huweka boya kwenye ncha yake, yote ili hali hiyo isifike. Ikifika, mabaharia wanasimama kwenye tezi ya mtumbwi mmoja, wanaizamisha, na kulala nyuma kwenye kamba hadi chombo kirudi kulala ubavu. Kisha wanaanza upya. Inachosha. Hapa hasa ndipo visigino vinapoanza kupiga, kwa kuwa watu wameshachoka, na ndipo utakapomtambua mwenye moyo wa kazi: anakaa juu ya tumbo la mtumbwi, anavuta pumzi, anamwambia mwenzake apumzike pia.

Chombo kikishasimama, kikaletwa nchi kavu, hakiachwi. Vizibo vya tezi vinafunguliwa, mitumbwi inainamishwa, na maji yanayotoka yanatazamwa. Kikombe kimoja si neno. Ndoo ni habari. Kisha fundi anapita mtumbwi mzima kwa kifundo cha kidole au kwa sarafu, akigonga, sikio karibu. Faiba iliyoshikana na povu hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Iliyoachana hujibu kwa mlio mfu, mzito. Anazungushia penseli mahali hapo, anaendelea kugonga mpaka ajue kidonda kinaishia wapi, na mara nyingi kinaenda mbali kuliko alivyotarajia.

Tiba yake inahitaji mkono mwepesi. Anatoboa matundu madogo ya milimita tatu hivi, yameachana kwa sentimita mbili au tatu, yakipenya ngozi ya juu tu na kuishia kwenye povu. Anaacha pakauke, siku nzima au zaidi, maana resini haishiki penye unyevu. Kisha kwa bomba la sindano anaingiza epoksi nyepesi kwenye tundu moja hadi ichungulie kwenye jirani yake, analiziba lile la kwanza, anahamia la pili. Akimaliza anatandika nailoni na kuweka mifuko ya mchanga juu yake, ili ngozi ikandamizwe sawasawa bila kubonyea.

Kama ile ndoo ya maji bado haijapata maelezo, anatafuta ufa kwa sabuni. Anapaka maji yenye povu kwenye maungio yote, anapuliza hewa kidogo kupitia tundu la kizibo, na kuangalia wapi mapovu yanakua. Kidogo tu: mashine ya kujazia matairi itafungua maungio yaliyokuwa mazima. Wengi hupuliza kwa mdomo kupitia kipande cha mpira, mmoja akipuliza na mwingine akipita na brashi, na wakishapata mapovu yao wanaweka alama, wanauosha mtumbwi kwa maji baridi, na kusubiri kesho ukauke.